Kabati la Mninga la Mwenzangu

Hasidi hana sababu, husema watu. Mimi sababu ninayo, na ina milango minne. Ni kabati la mninga ambalo mume wangu, fundi seremala hapa Katoro, alimtengenezea mke mwenzangu aliyemweka Nyarugusu. Langu ni la paina. Alilipaka vanishi yenye rangi ya mninga akadhani nitadanganyika, mimi ninayemfagilia karakana! Vumbi la mninga hunitia chafya mpaka machozi yanitoke. La paina halinifanyi kitu.

Wakati akilitengeneza lile la mwenzangu nilisikia sifa mpaka nikachoka. Mninga haupindi, haupasuki ovyo, mchwa wanaupita tu. Ukiuranda, unakubali. "Mti una adabu huu," alikuwa akisema huku akiupapasa. Nikajiuliza mimi alinipapasa hivyo lini. Niliuchukia ule mti, na sioni haya kusema.

Mwenzangu alipojifungua, nilikwenda kumpa hongera. Kabati lilikuwa sebuleni, limeelekea dirishani, bado lina rangi changa ya chai ya maziwa. Zuri, Mungu wangu! Nililigusa, nikaondoa mkono haraka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hongera kwa kujifungua."

"Dada, mimi kufuma sijui. Huwezi kunifumia kitambaa, kining'inie mbele ya kabati?"

"Kwa nini nisiweze, mdogo wangu?"

"Wabeja sana, dada!"

Sasa, mume wangu huwaonya wateja wote: mninga mpya usiufunike. Mwanga ndio unaoukoleza rangi, na palipofunikwa hubaki pamepauka. Mwenzangu hakuwahi kuyasikia hayo, na mume wetu akiwa kule haangalii vitambaa. Mimi nimeyasikia miaka yote nikifagia. Nikafuma ua moja kubwa kama sinia, na kila nilipovuta uzi moyo wangu ulitulia kidogo.

Miezi ilipopita, akakiondoa kitambaa akifue. Kabati lote lilikuwa limeiva, jekundu la kahawia, isipokuwa pale mbele. Ua langu lilikuwa limebaki pale na majani yake yote, limepauka. Akampigia simu mume wetu akilia kwamba kabati limeingiwa na ugonjwa. Nilikuwa jikoni, nikayasikia yote. Nilicheka mpaka ugali ukashika chini.

Nilipotoka nilimkuta mume wangu anatia randa na msasa kwenye mfuko.

"Unakwenda wapi?"

"Nyarugusu. Lile kabati lazima nilipige msasa lote, kisha nilipake mafuta upya."

"Si utarudi jioni?"

"Mninga hautaki haraka, mama watoto. Nitalala hukohuko mpaka wiki iishe."

Akafunga mfuko nyuma ya pikipiki, akaondoka akipiga mluzi. Wiki hiyo ilikuwa zamu yangu.