Aina za Kilio
Mtafsiri wa tamthilia za Kihispania hatulii kitini. Akikuta *llorar*, anaandika "analia", yamekwisha. *Sollozar* humwinua: huzunguka meza akijaribu kwikwi kooni mpaka zimkolee. *Lloriquear*, kile kilio cha kudeka, humkera, naye hukiigiza kwa pua huku akitafuna penseli. Leo dada yake kampigia simu.

"Kaka, mama analia tangu asubuhi."

"Kwa kwikwi, au analialia tu?" akauliza, mguu haumtulii.

Dada akajibu, "Wala hatoi sauti. Anapiga pasi mashati ya marehemu baba, machozi yanadondokea hapo hapo."

Mtafsiri akafungua mdomo akijaribu kuigiza na kilio hicho, kama kawaida yake. Hakikutoka kitu. Mguu ukatulia.