Mashine ya Kuomba Ruhusa

Jerry Khaemba hujicheka kabla wewe hujapata nafasi ya kumcheka, na hekima hiyo hakuipata bure. Ukimkuta pale Nakuru ukamuuliza alioaje, ataanza kwa kukueleza habari za kompyuta. Usimkatize, maana kwake mambo hayo mawili ni kisa kimoja.

Mwaka wa 2008 Jerry alikuwa na diploma, tai mbili, chumba cha kupanga mtaani Free Area, na kadi alizojichapishia mwenyewe zilizomtangaza kuwa Meneja wa Mifumo. Cheo hicho hakupewa na mtu. Aliajiriwa kushughulikia printa na kompyuta katika duka la Kirit, lililouza pampu za maji, paipu na vipuri vya mashine za kusaga unga. Lakini hebu fikiria, mjukuu wa fundi wa reli, kijana aliyesomeshwa kwa michango ya ukoo mzima, ataanzaje kujitambulisha kwa wakwe kuwa yeye ni mtu wa printa?

Bahati yake, au balaa yake, ilikuja siku Kirit aliporudi kutoka maonyesho ya biashara Nairobi na CD mfukoni. Ilikuwa programu ya kupanga kazi za ofisi. Mfanyakazi akitaka kitu, iwe likizo, dizeli ya pikapu au bei nafuu kwa mteja, anaandika ombi kwenye kompyuta. Programu inalipeleka kwa mwenye kuamua, na ombi linamkalia pale kwenye skrini likiwa na jina lake. Anabofya kukubali au kukataa, basi. Akilala, inamkumbusha. Akizidi kulala, inalichukua ombi na kulipandisha kwa mkubwa wake.

Kuifundisha programu nani ni mkubwa wa nani, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Jerry. Alichora mchoro mkubwa wa visanduku na mishale, akaubandika ukutani, akausimamia kwa mikono kiunoni. Mzee Wamalwa, mtunza stoo, alivaa miwani akautazama kutoka juu hadi chini.

"Na Mama Kirit ako wapi hapa?" aliuliza.

"Mama Kirit hana cheo, mzee."

"Aha," Wamalwa akasema, akavua miwani, akarudi zake stoo. Jerry alidhani mzee ameridhika.

Mama Kirit, jina lake hasa Ranjan, alikuwa mjane mwenye nywele nyeupe aliyeketi kila siku kando ya kaunta akimenya minji, zile njegere za kupika nyumbani. Hakuwa na meza wala simu. Hata mshahara hakuwa nao. Lakini tangu enzi za marehemu mumewe, mtu akitaka ruhusa pale dukani alimwendea yeye. Alimuuliza kwanza habari za mama yake, za watoto, za ng'ombe aliyekuwa mgonjwa. Akikuitishia chai, ujue umepewa. Akisema "tutaona," ujue umenyimwa, nawe unamshukuru na kwenda zako bila kinyongo. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hapana. Na Kirit mwenyewe, mwanamume wa miaka hamsini mwenye nguo za kupigwa pasi mara mbili, hakuwahi kuamua jambo la mfanyakazi kabla hajajua chai imekwenda wapi.

Haya yote Jerry aliyajua. Alikunywa chai hiyo mwenyewe mara nyingi. Ila kwenye kitabu cha programu hapakuwa na ukurasa wa chai, na msomi hawezi kuchora kisanduku cha mtu anayemenya minji. Basi akaitisha mkutano, akakaza tai, akatangaza kwamba ruhusa ya mdomo imekwisha. Wiki iyo hiyo Immaculate wa kaunta alikunywa chai yake akachukua mkoba aende zake, Jerry akamzuia mlangoni. "Chai si ruhusa," alimwambia, kwa sauti ya kufika hadi penye minji. Mama Kirit hakuinua kichwa.

Sasa tuje kwa Wachuka, mpenzi wa Jerry, maana bila yeye haya yangekuwa habari za ofisi tu. Wachuka alifanya kazi kwenye duka la dawa mjini, na kwao ni Kabazi, ambako babake, mzee Kahiga, analima viazi na mahindi. Jerry alipaswa kwenda kuonekana na wazee hao mwezi wa Januari. Januari ile, ya vita vya baada ya uchaguzi, kila mtu anaijua. Barabara zilifungwa, majirani wakawindana, na Mluhya wa kwenda kwa Wakikuyu kuomba msichana alionekana mtu wa kupimwa akili. Jerry alituma meseji ya pole. Hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Lakini Februari alituma nyingine, na Machi nyingine tena, na zote zilisema jambo moja: nikimaliza system nitakuja. Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa macho ya wazee wale, akajificha nyuma ya mchoro wake. Mwishowe mzee Kahiga akataja Jumamosi moja ya Agosti, akasema hatataja nyingine.

Jumamosi ni siku ya kazi dukani, kwa hiyo Jerry alihitaji ruhusa. Alihitaji pia watu. Wazazi wake walikwisha kufa, na amiye wa Kimilili aliapa kwamba hatapita Burnt Forest, palipochomwa nyumba za watu, mwaka huo hata abebwe kwenye machela. Akabaki mzee Wamalwa, aliyekubali kuwa msemaji. Wote wawili wakaandika maombi yao kwenye kompyuta kama Jerry alivyofundisha.

Maombi yakaenda kwa Kirit. Kirit aliyafungua, akayatazama, akainuka kwenda kuhesabu paipu. Hakukataa wala hakukubali, alingoja chai. Mama naye hakumwitishia mtu chai, kwa sababu alikuwa ameambiwa si ruhusa. Basi programu ikafanya ilivyofundishwa, ikayapandisha maombi kwa mkubwa wa Kirit.

Utauliza, mkubwa wa Kirit ni nani? Programu nayo ilikuwa imeuliza hivyo hivyo, siku Jerry alipokuwa akiipanga. Ilitaka jina, na ilikataa kuendelea bila jina. Jerry alitazama huku na huku, akaona yuko peke yake, akaandika lake. Alijiambia ni kwa muda tu. Hivyo ndivyo mtu wa printa alivyopanda juu ya mwenye duka, na ukweli usemwe, palimnogea. Maombi yote ambayo Kirit hakuyagusa yalimwangukia yeye. Akaanza kukubali dizeli, kukubali bei za wateja, kukubali likizo za madereva, huku akiegemea kiti na kuzungusha kalamu. La Wamalwa lilipofika, alilikubali kwa mbwembwe.

Kisha likafika la kwake. Hapo ikamkumba sheria aliyoiweka kwa mkono wake, tena aliyojivunia kuliko zote: mtu haruhusiwi kuamua ombi lake mwenyewe. Programu ikamnyima kitufe. Ikalirudisha ombi kwa Kirit, Kirit asiguse, likapanda kwa Jerry, likanyimwa, likarudi. Kila lilipozunguka, Kirit alipokea barua pepe ya kumkumbusha, yenye jina la Jerry juu. Mchimba shimo huingia mwenyewe, ila wengi huwa hawaingii na tai.

Ijumaa mchana Kirit alimwita.

"Jerry, kwa nini unaniandikia hivi? Kila saa, Jerry, Jerry, Jerry."

"Si mimi, boss. Ni system."

"Basi iambie inyamaze."

"Itanyamaza boss ukibofya kukubali."

Kirit akashusha sauti. "Mama hajasema kitu," alisema, na kumbe na yeye alikuwa akiteseka.

Jerry alitoka akamkuta Wamalwa stoo, koti la kesho tayari limetundikwa kwenye msumari.

"Mimi niko na ruhusa," mzee alisema. "Naenda kukuombea bibi. Wewe ndio sijui kama utakuja."

"Mzee, wacha mzaha. Nifanye aje?"

"Si unajua mahali pa kwenda? Ni hatua chache tu, lakini kwako naona ni safari."

Kweli ilikuwa safari. Jerry alilegeza tai, akavuka duka, akasimama mbele ya lile sinia la minji. Immaculate aliacha kuhesabu risiti ili asikie vizuri.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Unataka nini, Jerry?"

"Mama, naomba ruhusa ya kesho."

Mama Kirit akafungua ganda moja taratibu. "Mimi niko wapi kwa hiyo mashine yako?"

"Hauko, Mama."

"Si Waswahili wanasema asiyekuwepo na lake halipo? Sasa mtu hayuko, atakupa ruhusa aje?"

Jerry akaenda kwenye kompyuta kama mwizi wa kuku, akafuta jina lake pale juu, akaandika la Mama Kirit. Mama mwenyewe hakutaka kugusa kompyuta, kwa hiyo Jerry alivuta kiti, akawa anamsomea maombi yaliyokuwa yakingoja, na kubofya kama atakavyoambiwa. Akajaribu kuanza na lake.

"Hapana kuruka laini," akaambiwa.

Alasiri yote ikaishia hapo. Kila ombi lilikuja na maswali. Dereva huyu, mkewe amejifungua? Na huyu wa bei nafuu, si ndiye tuliyemwuzia pampu kabla ya vita, duka lake likachomwa? Mpe, na muulize kama amerudi nyumbani. Jerry alibofya na kubofya, na kadiri alivyobofya ndivyo alivyoona aibu, kwa sababu wiki nzima alikuwa amekubali maombi ya watu hawa bila kujua hata mmoja wao analala wapi.

Mwisho likafika la kwake. Akasoma: "Jerry Khaemba, likizo ya siku moja. Sababu, shughuli binafsi."

"Shughuli gani?"

Akaeleza yote, Januari, meseji, Kabazi.

"Unaenda na nani?"

"Mzee Wamalwa."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna mwingine, Mama."

Mama Kirit akasukuma sinia kando. "Bonyeza kukataa."

Jerry alimtazama usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Basi akabofya, na hiyo ikawa mara ya kwanza mtu kukataliwa waziwazi katika duka lile, na aliyekataliwa alikuwa Meneja wa Mifumo, kwa kidole chake mwenyewe. Akilini alimwona Wachuka akiondoka hivi hivi.

"Kirit!" mama akaita. "Kesho pikapu inaenda Kabazi. Kirit ataendesha, mimi nitakaa mbele, nyinyi wawili nyuma na soda. Mtu wa hapa haombi likizo kwenda kuoa. Hii ni kazi ya duka. Immaculate, leta chai."

Kesho yake wakapanda barabara ya Subukia, Jerry na Wamalwa wakishikilia kreti nyuma, vumbi likimkalia Jerry kwenye suti mpya. Kwa mzee Kahiga walipokewa kwa adabu, lakini si kwa vicheko. Wazee walikuwa wamekaa kwa mstari. Wamalwa alisema maneno mazuri, na Mama Kirit akaongeza ya kwake, kwamba kijana huyu ana kiburi, ila akionyeshwa kosa hurudi. Mzee Kahiga alisikiliza yote, mkono juu ya kreti ya soda. Hakuifungua. Kwao kinywaji cha wageni wa namna hii hakifunguliwi hadi msichana aulizwe mbele ya watu.

Akamwita Wachuka kutoka jikoni. Alikuja akijifuta mikono, hakumwangalia Jerry.

"Hawa watu wameleta soda," babake alisema. "Sisi hatujui kama ni za kunywa. Tunywe, ama zirudi Nakuru?"

Hapo hapakuwa na mkubwa wa kupandishiwa ombi, na Jerry hakuwa na la kufanya ila kungoja.

"Kunyweni, baba," Wachuka alisema mwishowe. "Mimi nilishakubali tangu mwaka jana. Ni huyu ndiye amekuwa akinizungusha."

Wazee wakaangua kicheko, na Mama Kirit akacheka kuwashinda. Jerry alitaka kucheka nao, akashtukia machozi yanamtoka. Akainuka, akauliza choo kiko upande gani. Wachuka akamshika mkono wa koti, akamwambia akae chini, alie hapo hapo, watu wa kwao wamwone.