Rili Iliyopimwa Mbali na Bahari

Miaka ya kwanza ya uhuru nilikuwa fundi katika duka la Mhindi mmoja mjini Nyeri. Nilitengeneza cherehani, karabai, na rili za Wazungu waliovua samaki katika mito yetu. Rili ni kile kigurudumu cha kukunjia mshipi kwenye fimbo ya kuvulia. Lakini Wazungu walikuwa wakiuza mashamba na kuondoka, na duka likawa linakufa polepole. Mwenye duka alitaka bidhaa ya kuwauzia wavuvi wa pwani, kupitia kwa shemeji yake aliyekaa huko.

Siku moja akanipa rili ya aina mpya, ndogo, ikitosha kwenye kiganja.

"Fundi, wewe ni mtu ya kanisa, hutanidanganya," akasema. "Hii itashinda chumvi ya bahari? Ukisema ndiyo, naagiza sanduku mzima. Nikikosea hapa, nafunga duka."

Mimi bahari sijaiona hadi leo. Niliipeleka rili nyumbani Wamagana, nikaanza kurusha malishoni kipande cha madini ya risasi kilichofungwa kwenye mshipi. Kidole gumba kikichelewa kuuzuia mshipi, ulijivuruga wote. Jirani aliegemea ua akaniuliza ninavua ng'ombe wa nani. Baada ya siku mbili kidole kilizoea, na risasi ikaanguka nilipotaka.

Kisha nikakoroga chumvi katika ndoo, mke wangu akinung'unikia chumvi yake. Kwa wiki mbili, kila asubuhi niliitumbukiza rili humo. Kila jioni niliitoa, nikaipangusa, nikaitia tone la mafuta, nikaifunga kwa kitambaa. Katika shule ya misheni tulifunzwa kwamba chombo hakilazwi kichafu, na ukungu wetu hula panga kwa usiku mmoja. Nilifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyoombea chakula.

Ikazunguka bila kelele. Niliomba, kisha nikasema ndiyo.

Baada ya miezi michache sanduku lilirudi. Shemeji aliandika kwamba wanunuzi wamezirudisha rili zikiwa zimekwama. Wavuvi wa huko huiacha rili sakafuni mwa mashua ikiwa bado imelowa maji ya chumvi hadi safari nyingine. Nilifungua moja mezani. Meno yake ya ndani yalikuwa yameganda kwa kutu. Hapo ndipo nilipokumbuka kitambaa na mafuta, nikamwendea mwenye duka nikamweleza yote.

"Kwa hivyo ulipima mikono yako," akasema, "hukupima rili."

Hakunikemea. Angenikemea, ningepata usingizi. Alifunga duka kabla ya mvua za masika, akaenda na watu wake kuishi kwa shemeji, na vifaa vya fundi akaniachia mimi. Vimelisha watoto wangu, na kwa hilo namshukuru Mungu. Yule mwenye duka nilitaka kumwandikia barua. Niliianza mara nyingi, na kila mara sikupita salamu.