Tangawizi ya Shangazi

Mwanangu, nakumbuka siku moja chai ilitaka kuninyima mume, na hiyo chai naijua kama jina langu.

Tulikuwa tunakaa Ukonga. Washenga walitoka Kurasini kuleta posa, wakaandamana na shangazi yake mchumba wangu. Mama akaninong'oneza kwamba chai yangu ndiyo watakayonipimia. Sikuogopa hata kidogo. Maziwa yalikuwa jikoni, tangawizi nimeshaitwanga, nasubiri tu yachemke.

Shangazi akaingia kukagua, si unawajua wakwe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona tangawizi bado iko kwenye kinu? Watu wanangoja!"

"Tuyaache yachemke kwanza, shangazi, yasije yakakatika."

"Mie nimeanza kupika chai wewe hujazaliwa!" Akaitia yote.

Haraka haraka haina baraka. Maziwa yakakatika, mabonge yakaelea, na maziwa mengine hayakuwepo nyumbani. Shangazi akashika mdomo. Nilikasirika, mwanangu, sikufichi. Ningeweza kumwita mama aje ajionee. Lakini nikamtazama yule mama wa watu, mgeni ugenini, nikamwonea huruma. Nikayamwaga, nikabandika maji. Nikaponda iliki na mdalasini, yakachemka vizuri mpaka nyumba nzima ikanukia. Majani nikayatia mwisho, nikaepua, nikafunika.

Sebuleni mshenga mmoja akachungulia kikombe. "Ya rangi? Siku ya posa?"

Shangazi akainamisha kichwa. Mama akanikodolea macho.

"Leo nimewachagulia ya rangi, baba," nikasema. "Onjeni kwanza."

Wakaonja, wakaongeza, birika likarudi jikoni tupu. Ndipo shangazi akainua uso. "Msihangaike kutafuta kwingine," akawaambia. "Kwetu kuna mengi ya kusitiriwa, na huyu anajua kusitiri." Wenzake hawakuelewa, ila posa ilikubaliwa palepale, na mpaka anaingia kaburini hakuna aliyenitetea ukweni kama yeye.

Basi shika haya. Maziwa yachemke kwanza, tangawizi ifuate. Majani usiyachemshe mpaka yawe machungu kama shubiri. Na mtu akikuharibia sufuria, usimtolee aibu yake sebuleni. Pika upya, wape watu wanywe. Subira huvuta heri, mie nimeiona.

Mungu akujaalie jiko lisilopoa, wageni wa kheri, na moyo wa kusitiri. Haya, inuka ukabandike maji.