Mume Wangu Alijuaje Koki ya Jirani Ilipo?

Admin, tafadhali nifiche, maana jirani yangu pia anafuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, Mkenya, kwetu ni Nakuru. Niko Dubai na mume wangu, tunaishi Al Barsha. Mimi nafanya kazi hotelini, yeye ni msimamizi wa walinzi kule Al Garhoud. Binti yetu, nimwite Natasha, tumemwacha nyumbani kwa nyanya yake.

Mlango unaotazamana na wetu anakaa dada mmoja Mtanzania, mtu wa Tanga. Nitamwita Rehema. Anaishi peke yake, anafanya kazi saluni. Tumeheshimiana sana, hadi ufunguo wake wa akiba aliniachia mimi.

Wiki chache zilizopita nilikuwa off. Nikatoka na takataka mchana, nikaona maji yanatoka chini ya mlango wa Rehema na kutambaa kwenye korido. Nikampigia, hashiki. Nikawapigia watu wa mentenansi wa jengo, wakasema fundi yuko njiani, ila yuko mbali. Nikaona nikingoja, maji yatashuka kwa watu wa chini. Nikachukua ufunguo nikaingia.

Jamani, paipu ya chini ya sinki ilikuwa imepasuka, maji yanaruka kama yametumwa. Kwetu koki kuu iko kwenye dari ya bafu, kwa hiyo nikapanda kiti nikafungua kifuniko cha dari ya bafu lake. Hakuna kitu! Nimelowa, nikampigia mume wangu nikiwa karibu kulia.

"Baba Natasha, kwa Rehema kumepasuka paipu! Koki siioni!"

Hakuuliza hata swali moja. Akasema, "Tulia. Zima kwanza swichi kubwa ya umeme, iko nyuma ya mlango. Kwake koki haiko juu. Iko nyuma ya mashine ya kufulia. Ivute upande wa kushoto, ina mguu mmoja mbovu."

Nikazima umeme. Nikavuta mashine, kweli ule mguu ulikuwa mbovu. Koki ilikuwa imekaza, akaniambia niishike kwa taulo ndipo niizungushe. Maji yakakatika. Akaniambia nifungue bomba la bafuni ili yaliyobaki kwenye paipu yatokee huko, na niweke mataulo mlangoni. Nikafikiri amemaliza. Akasema kwa sauti ya chini, "Na ule mswala wake kando ya kitanda, uutoe usilowe. Alipewa na marehemu mamake."

Nikabaki nimesimama kwenye maji na simu sikioni. Mume wangu huyu! Bomba letu la jikoni linadondosha maji tangu tuhamie, kila nikimwambia jibu ni moja, "Waite mentenansi." Hajawahi kushika bisibisi nyumbani kwangu. Lakini nyumba ya Rehema anaijua mpaka mguu wa mashine. Mpaka kando ya kitanda.

Mswala niliutoa. Nilitamani niuache ulowe, lakini niliutoa, nikaukunja nikauweka juu ya kabati. Fundi alipofika, alikuta nimeshakausha nusu ya sakafu. Akabadilisha paipu, akasema nimefanya vizuri, khalas, kazi imekwisha, akaenda zake.

Rehema alipoona simu zangu alirudi mbio, akanikumbatia huku analia. "Mama Natasha, Mungu akulipe. Bila wewe wangenifukuza."

Nikamuuliza pale pale, "Baba Natasha amewahi kuingia humu?"

Akaniachia. "Hapana, dada. Aje kufanya nini?"

Jioni nikamuuliza mume wangu swali lile lile, bado hajavua viatu. Akasema, "Mara moja tu. Nilimsaidia kusogeza mashine."

"Yeye amesema hujawahi kuingia."

Kisha akakaa kitandani, akaniambia huwa anaenda siku ambazo mimi niko kazini. Akaapa kwa jina la mtoto wetu kwamba hajawahi kumgusa. Wanakunywa chai, wanaongea.

"Mnaongea nini?"

"Habari za nyumbani. Mamake alivyofariki yeye akiwa huku, akashindwa kwenda kumzika. Habari za Natasha."

"Natasha wangu?"

"Namwambia vile ninavyomkosa. Wewe nikianza, unaniambia nisikuharibie siku. Hapa kwetu tunaongea zamu na chakula, basi."

Jamani, niliumia. Mimi nikitoka kazini miguu imevimba, nikitajiwa mtoto nitalia hadi asubuhi, ndiyo maana huwa namkataza. Kumbe alichukua machozi yangu na yake akayapeleka mlango wa pili, yakapokewa na chai. Angeniambia amelala naye, ningejua pa kuanzia kulia. Hili sijui hata niliite nini.

Sasa hivi haendi tena, au ndivyo anavyosema. Rehema tukikutana kwenye lifti anaangalia chini. Mimi nikisikia hatua koridoni, naenda kuchungulia kwenye tundu la mlango kama mwizi. Mkataba wa nyumba unakaribia kuisha na mume wangu anataka tuendelee kukaa, eti hakuna kosa lililofanyika. Mimi nataka tuhame. Lakini najiuliza, tukihama na bado hatujui kuongea, si atatafuta mlango mwingine?

Walio kwenye ndoa, na hasa nyinyi wanaume, msinionee haya. Nimwamini? Nihame naye, au nimwache hapa na chai yake? Nawasoma nyote, mniambie.