Mihogo Michungu ya Mama Ngoy

Harufu ya mihogo iliyolowekwa, ile chachu nzito kama soksi za mgeni aliyetembea mbali, bado hunisimamisha njiani. Kwetu Kapata, katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi nje ya Kolwezi, mkoani Katanga, ilikaa nyuma ya kila jiko, nasi watoto tuliipenda kwa sababu ilimaanisha kula bukari, ugali wetu wa mihogo.

Mama alifuga nguruwe. Mgodi ulipoanza kufa na posho ya unga ikakoma, nguruwe ndio waliotulisha, na chakula chao kilikuwa maganda na mizizi ya mihogo michungu. Hakuwapa kitu kibichi hata siku moja. Aliloweka kila kitu katika pipa mpaka kikalainika, akamwaga yale maji mbali na kuku, kisha akaanika juani. Aliyemfundisha ni jirani yetu Mama Ngoy, mwanamke wa kaskazini mwa Katanga, ambaye kicheko chake kilifika kabla yake. Nguruwe wake mmoja aliwahi kula maganda mabichi. Alitoa povu, akayumba kama mlevi, akafa.

“Muhogo peke yake inaleta mafuta tu,” Mama Ngoy alimwambia mama. “Uwachanganyie majani yake makavu. Majani ndiyo inajenga nyama, na mwenye nyama anaweza kushinda sumu kidogo.”

Kisha ikaanza kusemwa mitaani kwamba watu wa Kasai, mkoa wa jirani, warudi kwao. Baba alizaliwa Kapata, lakini babu alitoka Kasai, na hiyo ilitosha. Asubuhi moja vijana waliingia uani, wakafungua banda, wakaondoka na nguruwe wetu wakiwachapa fimbo. Jioni tulikuwa stesheni pamoja na umati wa wengine, tukingoja treni ambayo haikuja.

Tuliishi chini ya turubai kando ya reli. Bomba la maji lilikuwa moja, na watu walipigana kwenye foleni. Tulikula tulichobeba kikaisha. Ndipo Mama Ngoy alipotokea, amejifunika kitenge mpaka usoni asijulikane, na gunia la mihogo ya shamba lake kichwani. Wangemwona, wangempiga.

“Ni ile ya kali,” alisema kwa sauti ndogo. “Uiache mu maji mpaka inalainika, mama.”

“Maji iko wapi?” mama akauliza.

Mama Ngoy aliitazama foleni. Alimshika mdogo wangu Ntumba shavuni, akaenda zake.

Mama aliloweka kidogo katika beseni. Ntumba alilia mchana kutwa, kilio chembamba kisicho na machozi. Kesho yake mama aliitoa mihogo ikiwa bado migumu, akaichemsha. Alionja kwanza, akamtazama Ntumba, kisha akatugawia. Ilikuwa michungu, nasi tuliimaliza. Kabla ya jua kutua vichwa vilituzunguka sote, tukatapika. Ntumba, ambaye mwilini hakuwa amebaki na nyama yoyote, hakuamka. Baba alimzika karibu na reli kwa koleo la kuazima.

Treni ilipokuja ilitupeleka Mwene-Ditu, upande wa Kasai. Huko nilikua nikimchukia Mama Ngoy. Niliwaambia wenzangu shuleni kwamba mwanamke wa Katanga alituletea sumu katika gunia, nao walinisadiki, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kisa chake cha namna hiyo. Nilikisimulia hivyo mpaka nikawa na watoto wangu, nikaanza kuwasimulia nao, na mama amekaa hapo akichambua maharage.

“Acha,” alisema. “Yule alituletea chakula. Ni mi nilipika.”

“Ulikuwa umechoka, mama. Ulisahau.”

“Sikusahau kitu. Nilionja, nikajua. Lakini njaa ilikuwa inamuua mutoto mbele ya macho yangu. Nikasema labda sumu itamuachilia.”

Nilimuuliza kwa nini basi aliniacha nimchukie Mama Ngoy miaka yote hiyo. Aliendelea na maharage yake.

“Ningekuambia,” alisema, “ungekula tena bukari ya mukono yangu?”

Nilitaka kusema ndiyo. Nilijikumbuka nilivyokuwa mtoto, nikaona kwamba nisingekula, na kwamba mama alilijua hilo tangu siku ile. Ili niendelee kula, alinipa mtu mwingine wa kumchukia, na mtu huyo ndiye peke yake aliyetujia stesheni.