Betri ya Gari la Mgeni

Sisi tuliokulia Mtunda miaka ile biashara zilipofunguliwa, redio za kila aina zikamiminika gulioni Kibiti, tulikuwa na shida moja: mawe, yaani betri ndogo za redio. Tuliyaanika juani, tukayang'ata kwa meno, ilimradi redio iseme siku mbili zaidi. Watoto wa leo chaji ikipungua hununa kama wamefiwa.

Kwetu umeme ulikuwepo, ila haukuwa wetu. Mzungu mmoja aliliacha uani kwetu gari lake lenye vitanda na jiko ndani, akapanda boti Nyamisati kwenda Mafia. Huko akaugua, akarudishwa kwao. Baba aliachiwa funguo na ahadi ya kazi ya udereva. Chini ya kitanda kulikuwa na betri ya taa, ya aina iliyozibwa, isiyoongezwa maji. Baba aliilea betri ile. Aliifunga kwenye baiskeli, akaipeleka mpaka mashine ya kusaga Kibiti, akasimamia ichajiwe polepole isichemke, akairudisha, akafuta vichwa vyake na kuvipaka grisi. Alituambia ikilala tupu haiamki tena.

Alasiri moja mawe yetu yakiwa yamekufa, mama alimwomba aunganishe redio kwenye betri ile, asikilize matangazo ya vifo. Bibi alikuwa hoi huko Mohoro.

"Kidogo tu, baba Zuhura."

"Amana ya watu hiyo," baba alisema, akafunga mlango wa gari.

Siku chache baadaye mjomba alishuka kwenye basi, akamuuliza mama kwa nini hakuja kumzika mama yake. Redio, alisema mjomba, ilimtaja mama kwa jina kati ya wafiwa, yeye na kijiji chake. Mama alifika Mohoro tanga limeshaanuliwa.

Kiangazi kilichofuata Mzungu alirudi na betri mpya kwenye boksi. Ile ya zamani aliitoa bila hata kuipima, akaitua mchangani, akampa baba mkono wa asante, akaondoka na gari lake, likiendeshwa na dereva aliyekuja naye. Baba alibaki amesimama uani. Mama akatoka jikoni, akaitazama betri.

"Sasa tunaweza kusikiliza," alisema.

Baba aliinama, akafuta mchanga kwenye vichwa vya betri.

Siku hizi habari ya msiba hufika kabla maiti haijaoshwa. Wanangu huisoma kwenye simu, huandika "pole", kisha hurudi kwenye michezo yao. Nataka kuwakaripia, kisha naacha. Mama yangu angetoa chochote apate hata neno hilo moja, kabla mama yake hajazikwa.